Kona ya Malka ya Mikoma

Garsen,
8 Juni 2025

Darmi mwenzangu,

Tik. Ndio mlio wenyewe. Haumshtui hata mjusi ukutani, lakini tangu Jumamosi nausikia nikifua, nikisahihisha madaftari, nikiwa kanisani. Ni gurudumu la mbele la Dume Jekundu, injini yetu ndogo, likiteleza kutoka relini pale kwenye kona, kabla ya daraja. Tik, mabehewa yanasukumana, kisha kimya. Namrudisha juu ya reli, anatoka stesheni ya Garsen vizuri, anapita Tarasaa kama bwana harusi, na akifika kwenye kona: tik.

Najua utasema nini. Siku ulipomtoa kwenye mfuko ulinionya kwamba injini hii ni ndefu, inataka kona pana. Lakini ukuta wa chumba hausogei, na mto hauwezi kusogea kwa sababu sisi wenyewe tuliapa. Unakumbuka? Tulikuwa kidato cha tatu, tunatembea kutoka Garsen hadi Golbanti na ile kamba ya mkonge uliyoifunga mafundo ya kupimia, tukimuuliza kila mzee jina la kila njia, na wewe ukasema: reli yetu ni ya uongo, lakini ardhi iwe ya kweli. Mpaka leo watu wanaokuja chumbani kuuona ubao wetu, mto na vijiji vyote vikiwa vidogo juu yake, huanza kwa kutafuta nyumba zao, na wakizipata hucheka kama watoto.

Maendeleo mengine ni mazuri. Mto umekauka, yaani vanishi yake. Nilipaka tabaka juu ya tabaka, nikachanganya na udongo mwekundu kidogo, na sasa una rangi ile ile ya Tana baada ya mvua ya juu. Vichaka vya dodoki nimevipaka rangi na kuvibandika ukingoni. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili walikuja, mmoja akauliza serikali iliijenga lini reli hii ya kwetu. Nikamwambia hatukuingoja.

Kona nitaipanua. Nimeshaona pa kupitia. Baki ya miti hiyo ya dodoki imo sandukuni, utengenezee ile stesheni unayoijenga huko.

Wako,
Mbodze

*

Voi,
21 Juni 2025

Mbodze we,

Sanduku limefika, na miti yako imeniletea sifa chuoni. Mwalimu wetu wa umeme alidhani ni dawa ya kienyeji.

Hapa treni za kweli zinapita na hakuna anayeinua kichwa. Mimi peke yangu husimama kando ya uzio nimeshika mfuko wa nyanya, nahesabu mabehewa. Wenzangu wananiita Mkaguzi. Waache waseme. Wao wanatazama mpira wa watu wasiowajua. Mimi natazama vitu vinavyokwenda mahali.

Umeniuliza kwa simu wiki iliyopita kama nimekasirika kwa kuwa sikujibu mambo ya kona. Sikukasirika. Sheria ni sheria: simu ni ya wagonjwa na harusi, reli inazungumzwa kwa barua, kila sanduku na barua yake. Sasa najibu. Nimeichora kona yako kwa penseli. Ukiipanua kiasi cha kumpitisha Dume, na lile tuta la kupandia darajani likiwa na mteremko wa kumfaa, vyote viwili vinaangukia juu ya Malka ya Mikoma. Hapo ndipo njia yetu ya kuteremshia ng'ombe mtoni, si pa kuchezea. Na huwezi kuchimba kivuko chini ya tuta, halina kimo. Ng'ombe wangetambaa kwa magoti. Umepitisha wapi? Niambie, nisilale nikipiga hesabu.

Sandukuni utaona nimekuletea kundi. Nimewafinyanga kwa udongo wa hapa Voi na pembe ni waya wa shaba niliouchubua karakanani. Usimwambie mtu. Waweke wakiteremka malka, wamejipanga wanavyojipanga jioni wakishasikia harufu ya maji. Yule mweupe mwenye pembe iliyopinda ni wa Mama. Mweke mbele. Hapendi vumbi la wenzake, na akiwekwa nyuma atagoma hata akiwa wa udongo.

Msalimie Babu yako Hiribae. Bado anakuita mke wake?

Darmi

*

Garsen,
6 Julai 2025

Darmi wangu,

Ng'ombe wamenifanya nikae kitako. Yule mweupe nilimtambua kabla sijasoma barua. Nimewaweka mtoni, wanakunywa. Wanapendeza sana.

Dume Jekundu anazunguka. Anatoka Garsen, anapita Tarasaa, anapanda darajani, anarudi, wala hatikisiki. Siwezi kukueleza kimya chake. Nimekaa kitini nikamwacha azunguke mpaka betri ya sola ikaanza kulegea. Ningependa ungekuwepo. Kisha nikawa siombi tena uwepo, sijui kwa nini nakuandikia hilo.

Kona niliipanua kidogo tu. Nitakueleza vizuri siku nyingine.

Huku habari ni malka. Tangu mafuriko ya mwaka jana tope limefunika ukingo wote, mikoma yenyewe imechukuliwa na maji, na sasa kiangazi kinaingia hakuna wanaoafikiana njia ilipita wapi. Babu anasema shamba lake lilifika hadi kwenye maji na malka ilikuwa mbali juu, kuelekea kule kwenye kivuko cha mchanga. Baba yako anasema malka ni pale pale alipoikuta babu yake. Walizungumza sokoni hadi watu wakaacha kununua. Babu akamwambia, "Abduba, wewe unaona malka hata kitandani kwangu." Baba yako akajibu, "Hiribae, kama kitanda chako kiko njiani, ng'ombe afanye nini?" Watu walicheka, na wao pia, lakini si kicheko cha zamani.

Sasa kamati ya wazee wa pande zote mbili, wakulima na wafugaji, imeamua kuja kutazama ubao wetu, eti kwa kuwa sisi tulipima kabla ya mafuriko na hatukuwa na shamba wala ng'ombe wa kutetea. Wanakuja Jumanne. Babu anatembea amenyoosha mgongo. Anawaambia watu, "Mke wangu ni mwalimu wa jiografia."

Basi linalobeba barua zetu linapiga honi. Nilitaka kuongeza jambo lakini litaniacha.

Mbodze

*

Voi,
2 Agosti 2025

Mbodze,

Hukuniandikia kuhusu Jumanne, imebidi niipate kwa Baba, na Baba akisimulia kwa simu hupiga kelele kana kwamba sauti ndiyo inayotembea hadi Voi.

Anasema waliingia wote chumbani kwako, wamevua viatu kama msikitini. Anasema wakainama juu ya ubao na pale alipotarajia kuona malka akaona tuta la reli na shamba la Babu yako limejaa kijani hadi ukingoni. Na ng'ombe wangu wako mtoni, wanakunywa, nyuma yao hakuna njia. Akakuuliza, "Mwanangu, hawa ng'ombe walifika hapa aje? Walipanda treni?" Chumba kizima kikacheka. Anasema hata wewe ulitabasamu. Kisha wazee wakaamua: malka ni kule juu, kwenye kivuko cha mchanga, na shamba la Hiribae linaanzia linapoanzia kwenye ubao.

Tumegombana, mimi na Baba. Nataka ulijue hili kutoka kwangu. Aliniambia, "Huyo rafiki yako amekula njia yetu." Nikamjibu kwa namna ambayo sijawahi kumjibu. Nilimwambia: Mbodze na mimi tulishika kamba moja, yeye upande huu na mimi upande ule, na kama ubao unasema malka haipo pale, basi ni wewe umesahau, si yeye amekosea. Nilimwambia uzee unamsogeza yeye na si malka. Akampa Mama simu. Mama akaniuliza nimekula nini.

Sijampigia tena. Nitampigia akipoa. Lakini sijutii, na kama mchoro wangu wa penseli ulisema vingine, basi ni penseli iliyokosea. Hakuna mtu anayeipenda ile ardhi kwa vidole vyake kama wewe.

Sasa niandikie. Ng'ombe wangu unawapitisha wapi? Wachoree njia mpya kutoka juu, maskini, wasibaki kuwa wasafiri wa treni.

Darmi

*

Garsen,
10 Agosti 2025

Darmi,

Barua fupi, tuko kwenye mitihani.

Asante kwa maneno uliyomwambia Baba yako. Ningeomba umpigie simu. Usinitetee sana.

Babu amezungushia shamba ua wa miiba na kupanda kunde. Ameniletea majani ya kwanza, amefunga kwa kamba ya mgomba kama anavyofunga zawadi, na akasimama mlangoni akinisubiri niyapike. Nikayapika. Nikala mbele yake. Akasema, "Kula mke wangu, hili ni shamba lako, wewe ndiye uliyelipata." Niliomba ruhusa nikatoka nje kidogo.

Je, vanishi ya rangi ya chai inapatikana Voi? Ya hapa imekwisha. Kama haipo, si neno.

M.

*

Voi,
14 Septemba 2025

Mbodze,

Barua hii inakuja bila sanduku. Sikuwa na cha kuweka.

Ng'ombe mweupe wa Mama amekufa. Kule kwenye kivuko cha mchanga hakuna mchanga tena, mafuriko yaliuchukua. Kuna tope, na nyuma ya tope kuna maji marefu yenye mamba. Alikuwa mbele, kama kawaida yake. Alizama hadi tumboni. Baba aliingia kumvuta kwa kamba na wenzake wakampigia kelele arudi. Mamba alimshika ng'ombe, si Baba. Baba aliponyoka lakini mguu umechanika kwenye kisiki kutoka goti hadi chini, na sasa amelala nyumbani, hawezi hata kuswali amesimama. Nilikwenda nyumbani kwa wiki mbili. Sikupita kwako. Nilipita karibu na mlango wako nikaona taa ya betri inawaka, nikasikia Dume anazunguka. Sikubisha.

Baba hakunilaumu. Ingekuwa rahisi kama angenilaumu. Aliniambia tu, "Labda kweli nimesahau." Mbodze, nilimsikia baba yangu akisema hivyo, mtu anayejua kila ng'ombe kwa kwato zake. Mimi ndiye niliyemfundisha kusema hivyo.

Vijana wa kwetu hawasemi wamesahau. Wanasema Ijumaa wakitoka msikitini wataingiza mifugo kwenye kunde za Babu yako na atakayesimama mbele ajijue. Vijana wa kwenu wamesikia, nao wananoa mapanga wakisema ni ya kukata nyasi. Baba amewaomba wangoje hadi atakapoweza kutembea. Mguu ukipona sijui nani atawazuia.

Kwa hiyo nilikaa na kukumbuka, polepole, bila wewe. Nakumbuka mkoma uliopinda, ule uliokuwa umelala kama mtu aliyejikunja. Tulikaa juu yake, wewe ukawa unafungua fundo la kamba kwa meno kwa sababu nilikuwa nimelikaza mno. Ng'ombe walipita mbele yetu wakiteremka, ukainua miguu. Na kutoka tulipokaa tuliona mlango wa banda la Babu yako, karibu sana. Tuliona kuku wake.

Sikuulizi kama mtu anayeuliza. Niambie tu ile kona uliipitisha wapi.

Darmi

*

Garsen,
28 Septemba 2025

Darmi,

Niliipitisha juu ya malka. Unajua tayari. Lakini nataka ulipate kwa maneno yangu.

Sikuwa nafikiria shamba la Babu wala ng'ombe wa mtu. Hilo ndilo baya lenyewe. Nilikuwa nafikiria tik. Nilikata plaiwudi, nikainua tuta, na malka ikabaki kama jeraha chini yake, haiendi popote. Ilikuwa mbaya kutazama. Basi nikaifukia, nikanyunyiza unga wa mbao wa kijani, nikaendeleza kunde za Babu hadi majini. Ilinichukua asubuhi moja. Nilijiambia ni kwa muda, nikipata injini fupi nitairudisha. Kisha Dume akazunguka bila kuteleza, na nikapenda jinsi anavyozunguka kuliko nilivyopenda kiapo chetu.

Jumanne ile sikusema uongo hata mara moja. Nimelikumbuka kila neno, nikitafuta. Babu alisema, "Waonyeshe, mwalimu," nami nikasema, "Ubao ndio huo." Baba yako alipouliza kuhusu treni nilitabasamu kwa sababu wote walicheka, na kwa sababu alikuwa ameniona. Alinitazama mimi, hakutazama ubao. Nilikuwa na nafasi pana ya kusema. Babu alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Nikanyamaza.

Na ulipoandika kwamba umenitetea, niliisoma barua nimesimama, nikaikunja, nikaenda kuwasha treni. Ndiyo hiyo uliyoisikia ulipopita mlangoni. Niliwasha kila siku. Ilikuwa haitoi tena ile tik, na mimi nilikuwa naisikia.

Barua yako ilifika Jumatano. Alhamisi niliomba ruhusa shuleni, nikachukua msumeno, nikakata kona yote, reli, tuta, kunde na kila kitu, nikakifunga kipande kwa kanga nyuma ya pikipiki. Niliita kamati kwenye ukumbi wa kanisa Golbanti. Baba yako aliletwa na wanawe kwa mkokoteni wa punda, mguu umenyooshwa mbele. Niliweka kipande mezani, nikakwangua kijani kwa kisu mbele yao mpaka njia ikaonekana, ile ya kwanza, tuliyoipaka mimi na wewe kwa vumbi la kweli la pale. Nikawaambia niliifunika mimi, baada ya kupima, nikijua, kwa ajili ya treni ya kuchezea.

Mzee mmoja wa kwetu akasema, "Mwalimu, hebu rudia. Kwa ajili ya nini?"

Nikarudia.

Hakuna aliyecheka. Baba yako aliigusa ile njia kwa kidole. Kisha akasema, "Ulinyamaza vizuri sana siku ile." Ni hayo tu. Sikustahili zaidi.

Tulitoka na kamba ile ile, bado ninayo, tukapima kutoka mlango wa banda la Babu. Walichimba kwenye tope na wakakuta kisiki cha mkoma uliopinda. Babu hakungoja wazee waseme. Aliingia akaanza kung'oa ua wa miiba kwa mikono mitupu. Nikamfuata, nikaanza kung'oa kunde upande wa pili. Akasema bila kugeuka, "Acha, mwalimu. Hizi nilizipanda mimi." Aliwahi kuniita mwalimu kwa fahari, lakini si kwa namna ile. Nilikaa kando mpaka akamaliza. Hajaja kwangu tangu hapo, na chakula nilichompelekea kilirudi hakijaguswa.

Ijumaa vijana wenu walikuja kweli na mifugo. Waliteremka malka. Wa kwetu walisimama pembeni, mapanga mikononi, hakuna aliyesalimia, lakini hakuna aliyezuia. Ng'ombe walikunywa wakarudi. Sisemi yameisha. Nasema Ijumaa ilipita.

Ng'ombe wa udongo nimewapanga njiani, wanateremka. Mbele nimeacha nafasi ya mmoja. Yule mweupe nilimpeleka kwa mama yako mwenyewe jana. Alimpokea kwa mikono miwili, akamweka dirishani, wala hakunifukuza.

Chumbani sasa pana pengo mahali pa kona, na kupitia pengo hilo naona sakafu. Sitaliziba. Siombi uniandikie. Ila mpigie Baba yako, umwambie hakusahau kitu. Mimi nimeshamwambia, lakini anangoja alisikie kwako.

Dume Jekundu ametangulia kuja kwako na basi la jana. Nilimtuma bila barua, kwa sababu nilijua kama ningekaa kuiandika kwanza ningepata sababu ya kubaki naye. Mfungue polepole. Gurudumu la mbele nimelizungushia kitambaa.

Mbodze